Nakala ya Kaboni

Mimi ndiye niliyepiga taipu.
Tuanzie hapo, maana wengine wote wamekufa
au wamesahau kwa hiari.

Chumba namba kumi na moja, moteli ya barabarani nje ya Dartmouth,
Februari, mapazia yamefungwa saa nne asubuhi.
Kitanda kimesukumwa ukutani kupisha meza.
Sajini Zwicker alikuja na kopo la biskuti za mkewe,
akala nane. Nilizihesabu.
Sikuwa na pengine pa kuyaweka macho.

Koplo Thelma Pettipas, mtambo wa redio,
miaka tisa ya utumishi, na masikio ambayo kambini walisema
yangenasa nyambizi ikikohoa chini ya barafu.
Alivaa sare kamili.
Kofia aliipakata
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Wakamuuliza: kitanda gani. Upande upi.
Nani huzima taa.
Wakamuuliza anamwitaje yule muuguzi wa Truro
wakiwa peke yao,
na msaidizi wa Sajini akacheka kabla ya jibu.
Nikauliza, kwa adabu ya karani,
kicheko nacho kiandikwe?
Hapana, karani. Kicheko si ushahidi.

Mahojiano yalipoingia saa ya tatu, akaacha kujibu.
Alitazama bomba la joto. Lilikuwa linagonga,
unajua yanavyogonga wakati wa baridi,
na nadhani alikuwa analisoma,
nukta, kistari, nukta,
kazi yake ile ile, hadi mwisho.
Vidole vyangu vikaning'inia juu ya herufi.
"Andika ndiyo," Zwicker akasema.
"Hajasema kitu, Sajini."
"Ndiyo maana."

Kimya kina mshindo.
Cha kwake kilikuwa na herufi tano.
Nikazipiga moja moja, kwa nguvu, ili kaboni ishike.
Nakala tatu: ya Ottawa, ya faili,
na ya tatu hakuna aliyenieleza ni ya nani.

Kufikia Ijumaa hakuwa na cheo wala chumba.
Kwenye fomu nilijaza: hana tena manufaa kwa jeshi.
Alirudisha koti zito, mabuti, kijiko.
Theluji ilifika magotini,
naye akatoka langoni na viatu vya dansi,
kwa kuwa ndivyo pekee vilivyokuwa vyake.
Mlinzi alinyanyua mkono kumpigia saluti, mazoea tu,
kisha akajikuna sikio.

Mimi nilipandishwa cheo mwezi wa Mei.
Hati safi, walisema. Haina kosa.

Na Jumamosi, kama Jumamosi zote,
nilipanda feri kuvuka kwenda Halifax, kofia usoni,
kwa mtu ambaye jina lake
sijapata kulitia kwenye karatasi yoyote.
Vidole vile vile.
Alivishika akasema vina baridi.
Nikamwambia ni upepo.

Serikali iliomba radhi kwenye televisheni
miaka arobaini na kitu baadaye, nikiwa namenya viazi.
Niliendelea kumenya. Nilimenya vya watu sita,
na mimi naishi peke yangu.
Kisha nikamwandikia. Kurasa nne, kwa mkono.
Sikuomba kusamehewa; au niliomba,
lakini kwa kuzunguka, kama karani.

Jibu lilikuja kutoka Yarmouth: karatasi moja,
ukurasa wangu wa saba, ameupata kwenye faili lake.
Kwa penseli amesahihisha jina.
Pettipas ina t mbili. Niliandika moja,
ukurasa hadi ukurasa, na hakuna afisa aliyeona.
Ile ndiyo hakuikata.
Pembeni yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:
*Hapa ulibahatisha sawa.
Ila nilitaka kulisema mwenyewe,
siku yangu, kwa mtu wangu.*

Bado sijamjibu.
Usiku bomba la kwangu nalo hugonga,
nami sikufunzwa kusoma.